Hendibreki Inayong'ang'ania kwenye Gari la Zamani: Dalili, Chanzo na Utatuzi

Malalamiko yanayoletwa na wenye magari ya zamani kuhusu breki ya mkono hufanana sana. Mtu amevuta hendibreki jioni, asubuhi ameishusha, taa nyekundu ya dashibodi imezimika kama kawaida, lakini gari linagoma kuondoka, au linaondoka kwa uzito kana kwamba linakokota gogo. Magari yaliyovuka miaka 15 au 20, kama Corolla, Nissan Sunny, Mark II na pikapu za Hilux, hupatwa na tatizo hili mara nyingi. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Unguja hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa hewa ya chumvi hula chuma hata pale ambapo gari halijawahi kukanyaga dimbwi.

Mkono ulioshuka na taa iliyozimika havithibitishi kwamba breki imeachia. Taa hiyo huwashwa na swichi ndogo iliyo kwenye kitako cha mkono, nayo haijui lolote linaloendelea gurudumuni. Kati ya mkono na gurudumu kuna kebo ndefu inayopita chini ya gari, kwenye vumbi, matope na maji, na nguvu ya kubana inaweza kunaswa mahali popote njiani: kwenye kebo yenyewe, ndani ya drami (chungu cha chuma kinachozunguka na gurudumu) au kalipa (kibano cha breki za diski), au kwenye mafuta ya breki. Kazi yote ya utatuzi ni kupabaini mahali hapo kabla ya kununua kifaa chochote.

Kabla ya kugusa chochote

Egesha gari mahali tambarare penye sakafu ngumu. Kwa kuwa hendibreki itabidi iachiwe, magurudumu ya mbele ndiyo yatakayolishikilia gari, hivyo yakinge kwa mawe au magogo mbele na nyuma, na uingize gia ya kwanza au P ikiwa magurudumu yanayoinuliwa hayaendeshwi na injini. Ukishainua gari kwa jeki, lilaze juu ya stendi imara. Usiingize hata mkono chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, kwa maana jeki ya mafuta inaweza kushuka bila dalili yoyote.

Jambo jingine ni vumbi. Lainingi (tabaka la kusugua la breki) za magari ya zamani, pamoja na baadhi ya zile za bei nafuu zinazouzwa madukani, zinaweza kuwa na asbesto. Usipulize drami kwa kompresa wala kwa mdomo. Lowanisha vumbi kwa maji yenye sabuni na ulipanguse kwa kitambaa cha kutupa. Usisafishe breki kwa petroli, ingawa mafundi wengi hufanya hivyo, kwa sababu huharibu mipira ya silinda, na cheche moja inatosha kuwasha moto.

Dalili ya kwanza: gari lilikaa siku kadhaa, sasa gurudumu halizunguki kabisa

Sababu inayoongoza ni lainingi kushikamana na drami kwa kutu. Drami ni chuma cha kalibu kisichopakwa rangi kwa ndani. Kikilowa na kubanwa na breki shuu (kipande cha upinde kinachobeba lainingi) yenye unyevu, kutu huota katikati na kuviunganisha viwili hivyo kama gundi. Tatizo hili hutokea zaidi pale gari linapooshwa, likaegeshwa palepale, hendibreki ikavutwa, na mwenye gari akasafiri. Mimi nililiacha langu hivyo kwa siku tisa wakati wa masika. Niliporudi na kulisogeza taratibu, gurudumu la nyuma la kushoto liliachia kwa mlio mkali wa chuma. Tulipofungua drami, ndani yake kulikuwa na alama ya kahawia yenye umbo kamili la lainingi, pamoja na ufa wake mdogo wa pembeni, mithili ya muhuri uliogongwa kwenye karatasi.

Anza na jambo jepesi. Hakikisha mkono umeshuka hadi mwisho, kisha sogeza gari mbele na nyuma kwa upole mara chache bila kupandisha mizunguko ya injini. Likikataa, inua nyuma, toa gurudumu, na ugonge drami kwa nyundo ya wastani, mapigo mafupi kuzunguka uso wake kati ya bolti za gurudumu. Usigonge ukingo wa nje kwa nguvu, kwa sababu chuma cha kalibu hupasuka. Mara nyingi mapigo kumi au kumi na tano yanatosha.

Drami ikizunguka lakini ikakataa kutoka, angalia uso wake. Magari mengi ya Kijapani yana matundu mawili yenye nyuzi, kwa kawaida ya bolti za milimita 8. Funga bolti mbili humo kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu mzunguko kule, nazo zitaisukuma drami itoke. Ikikwama kwenye ukingo wa kutu uliojijenga mwisho wa njia ya lainingi, toa kizibo cha mpira kwenye bamba lililo nyuma ya drami, ingiza bisibisi, na ulegeze ajasta (kirekebishi cha nafasi ya shuu) ili shuu zirudi ndani. Kwenye ajasta zinazojirekebisha zenyewe itabidi bisibisi ya pili isukume pembeni kile kibati kinachozuia meno, la sivyo ajasta haitageuka.

Sababu ya pili kwa wingi ni kebo iliyoganda ikiwa imevutwa, ambayo nitaieleza katika dalili inayofuata. Sababu ya tatu, isiyo ya kawaida lakini ya hatari kuliko zote, ni lainingi iliyobanduka kutoka kwenye shuu yake na kujipachika kama kabari kati ya shuu na drami. Hii hutambulika kwa gurudumu linalozunguka kidogo upande mmoja kisha likakwama ghafla, au kwa mlio wa kitu kilicholegea ndani. Hapo acha kusogeza gari kabisa. Usijaribu kulitoa kwa kukanyaga mafuta huku umeingiza gia ya kwanza. Utakachopata ni lainingi iliyochanika, klachi iliyoungua, au vyote viwili. Mwite fundi aje hapo lilipo.

Dalili ya pili: gari linatembea, lakini gurudumu moja la nyuma hupata moto

Dalili hii ndiyo inayotaka uvumilivu zaidi, maana gari bado linatumika na mtu hushawishika kulipuuza. Ulaji wa mafuta huongezeka, kuna harufu kama ya kitambaa kilichoungua, na ukiweka gia huru kwenye mteremko mdogo gari husita badala ya kuserereka.

Thibitisha kwanza ni gurudumu lipi. Endesha kilomita 5 hadi 10 kwa mwendo wa wastani, ukitumia breki kwa uchache uwezavyo, kisha simama na ulinganishe magurudumu yote. Usishike ringi kwa kiganja, kwani drami inayokokota inaweza kukuunguza papo hapo. Sogeza mkono karibu bila kugusa, au dondoshea matone mawili matatu ya maji kwenye ringi karibu na habu (kitovu cha gurudumu). Matone yakichemka upande mmoja na kutulia upande wa pili, umeshapata gurudumu lako. Usimwagie ndoo ya maji ili kulipooza, kwa sababu chuma chenye moto mkali kikipozwa ghafla hupinda au kupasuka.

Gari likishapoa, linyanyue na ulizungushe gurudumu hilo kwa mkono. Kisha fanya jaribio la kutenganisha: legeza kebo ya upande huo pale inapoungana na kisawazishi (kipande kinachogawa mvuto wa kebo kwa magurudumu mawili) katikati ya gari, au nati ya kurekebishia iliyo kwenye mkono. Gurudumu likiwa huru mara tu kebo inapolegea, kosa liko kwenye kebo au kwenye mkono. Likiendelea kukaza, legeza skrubu ya kutolea upepo iliyo nyuma ya gurudumu, mafuta kidogo yaingie kwenye chupa. Gurudumu likiachia hapo, chanzo si hendibreki hata kidogo, ni mafuta yaliyofungiwa na mpira wa breki uliovimba kwa ndani au masta silinda (pampu kuu ya mafuta ya breki) isiyorudi. Lisipoachia hata hapo, kosa liko ndani ya drami, au kebo imeganda ndani ya ganda lake karibu na gurudumu. Majaribio haya mawili huchukua chini ya saa moja, nayo yangeokoa shuu nyingi ambazo hubadilishwa bure.

Ikiwa ni kebo, tazama ganda lake la plastiki urefu wote, hasa linapojikunja karibu na gurudumu na linapopita jirani na ekzosi. Ganda likipasuka, maji huingia, nyuzi za chuma huota kutu na kuvimba, na kebo huvutika kwa nguvu ya mkono lakini springi haiwezi kuirudisha. Mafuta ya kulegeza kutu yakimiminwa ndani yatakusaidia kufika nyumbani, pengine hata kwa mwezi mmoja, lakini hayatengenezi ganda lililopasuka. Dawa yake ni kebo mpya. Ukifunga mpya, ipitishe katika vishikio vyote vya awali; kebo iliyofungwa kwa waya wa binding mahali pa kishikio hukunjwa kona kali na kuharibika kabla ya wakati wake.

Ikiwa ni ndani ya drami, mtuhumiwa wa kwanza ni wenzo mdogo ulioshikizwa kwenye shuu ya nyuma, ule unaovutwa na kebo. Wenzo huo huzunguka kwenye pini nyembamba kuliko kalamu, na pini hiyo ikipata kutu, wenzo huvutwa lakini haurudi. Hili nalifahamu kwa gharama. Gereji moja ilinibadilishia breki shuu mara mbili ndani ya miezi mitatu, na kila mara wenzo wa zamani ulihamishiwa kwenye shuu mpya pamoja na kutu yake, bila kusafishwa wala kutiwa grisi, ukaganda tena baada ya wiki chache. Siku tulipoutoa wenyewe, haukugeuka hata kwa plaizi mpaka ulipolowekwa usiku kucha. Ulipopigwa msasa, pini ikang'aa, ikapakwa grisi ya kustahimili joto, na tangu hapo wenzo umekuwa ukianguka kwa uzito wake wenyewe. Hicho ndicho kipimo sahihi: ukiishika shuu mkononi, wenzo unapaswa kucheza bila kulazimishwa.

Baada ya wenzo, chunguza springi za kurudishia. Springi nzuri, ikiwa haijafungwa, ina mizingo iliyobanana bila nafasi kati yake. Yenye nafasi imechoka, na iliyobadilika rangi kuwa ya buluu imeungua. Kisha tazama sehemu zilizoinuka kwenye bamba la nyuma ambazo shuu hutelezea, kwa kawaida tatu kwa kila shuu. Zikichimbika, ukingo wa shuu hunasa kwenye mfereji huo na haurudi. Safisha, paka grisi kiasi cha utandu tu, na usiruhusu hata tone liguse lainingi. Mwisho, funua kidogo vifuniko vya mpira vya silinda ya gurudumu: unyevu mdogo si kosa, lakini mafuta yakichuruzika, silinda inavuja, na lainingi zilizolowa mafuta hayo hazisafishiki, zitupwe.

Fungua upande mmoja kwa wakati mmoja. Upande wa pili ukibaki umefungwa, ndiyo picha yako ya kurudishia springi mahali pake, na katika magari mengi ajasta ya kushoto na ya kulia zina nyuzi zinazopingana, hivyo zisichanganywe.

Wenye Hilux na pikapu nyingine za aina hiyo wana sehemu ya ziada ya kuangalia. Nyuma ya bamba la drami kuna kiwiko cha chuma kinachogeuza uelekeo wa kebo, kimekaa nje kabisa kwenye matope, chenye kifuniko cha mpira ambacho mara nyingi kimekwisha kuchanika. Kiwiko hicho huganda kabla ya sehemu nyingine yoyote. Kitoe, kisafishe, kipake grisi, na ubadilishe mpira wake.

Onyo kuhusu dalili hii ni zito. Mafuta mapya ya breki ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Drami inayokokota hufikisha joto hilo, mafuta huchemka ndani ya silinda, na pedali huzama hadi sakafuni. Mtu anayelijua gurudumu lake lina moto na bado akaamua kuteremka mlima mkali wa Kitonga nalo anahatarisha maisha yake na ya waliopo mbele yake. Pedali ikianza kuwa laini, au moshi ukionekana, simama mahali salama, acha gari lipoe, na safari iendelee kwa gari la kuvuta.

Dalili ya tatu: magurudumu yote mawili ya nyuma yanakokota

Kwa kawaida hapa kuna mtu aliyekaza nati ya kwenye mkono kupita kiasi. Lainingi zimelika, mkono umeanza kupanda meno kumi au zaidi, na badala ya kurekebisha ndani ya drami, fundi amechukua njia ya mkato. Matokeo ni kwamba kebo inabaki imevuta wenzo muda wote, shuu hazirudi mahali pake pa kupumzikia, na ajasta za kujirekebisha hushindwa kufanya kazi yake, hivyo tatizo hujizidisha lenyewe.

Legeza nati hiyo hadi kebo ilegee. Rekebisha shuu kwanza kupitia ajasta mpaka drami ianze kugusa kidogo, kisha zilegeze meno machache zizunguke huru. Kanyaga pedali mara kadhaa ili shuu zikae katikati. Kebo ndiyo ya mwisho. Katika magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 mkono hutakiwa kushika kati ya meno 5 na 8, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye kauli ya mwisho. Usipoweza kufikia idadi hiyo bila kukaza nati sana, lainingi zimekwisha au drami imepanuka. Lainingi isibaki chini ya milimita 1, na kipenyo cha mwisho cha drami kimeandikwa kwenye chuma chenyewe; drami ya milimita 200 mara nyingi mwisho wake ni 201.

Mara chache kosa huwa ni kisawazishi kilichoganda kwa kutu. Na ikiwa magurudumu yote manne yanakokota, achana na hendibreki, mpelekee fundi gari akague masta silinda.

Dalili ya nne: gari lina diski nyuma na linakokota

Kuna maumbile mawili. Katika la kwanza, hendibreki inaisukuma pistoni ya kalipa yenyewe kupitia mkono mdogo nyuma yake. Mtu mmoja avute na kushusha hendibreki huku mwingine akiutazama mkono huo. Usiporudi hadi kwenye kizuizi chake, ondoa kebo na uusukume kwa kidole. Ukirudi, kebo ndiyo mbaya. Usiporudi, kalipa imeganda, na kwa gari la umri huo ni busara kuibadilisha. Pistoni za kalipa hizi kwa kawaida hurudishwa kwa kuzungushwa. Anayeibana kwa nguvu moja kwa moja huvunja utaratibu wa ndani.

Katika la pili, kuna drami ndogo ndani ya tumbo la diski, yenye shuu zake ndogo zinazotumiwa na hendibreki pekee. Kwa kuwa hazitumiki gari linapotembea, hazisuguliwi, na kutu huzila taratibu hadi lainingi ibanduke. Utatuzi ni ule ule wa drami ya kawaida.

Dalili ya tano: mkono wenyewe haushuki

Vuta kidogo juu kwanza, kisha bonyeza kitufe na ushushe. Jino lililobanwa na mvuto wa kebo haliachii bila kupunguziwa mzigo. Ikishindikana, fungua kifuniko cha kati na uangalie kama sarafu au kokoto imeingia kwenye meno. Meno yaliyolika hayachongwi upya kwa tupa. Badilisha mkono mzima.

Land Rover za zamani

Defender na ndugu zake hazina hendibreki kwenye magurudumu ya nyuma. Drami yake iko nyuma ya transfa (gia boksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma) na hushika propela (fito inayopeleka nguvu kwenye ekseli). Ikikokota, joto na harufu hutoka katikati ya gari, na mara nyingi chanzo ni mafuta ya transfa yaliyovuja na kuloanisha lainingi, hivyo sili ibadilishwe pamoja na shuu. Ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, difu (gia za katikati ya ekseli) huruhusu gurudumu hilo lizunguke na gari zima laweza kuondoka ingawa hendibreki imevutwa. Mawe ya kukingia hayana mbadala hapa.

Kuhusu kuifungua kebo na kuendelea na safari

Wapo wanaomaliza tatizo kwa kuondoa kebo kabisa. Kama hatua ya kufika gereji, si vibaya. Kama suluhisho la kudumu, hapana. Katika gari la gia otomatiki, P hushikiliwa na kipande kidogo cha chuma ndani ya gia boksi, na gari lililoegeshwa mlimani hubaki limeninginia hapo. Isitoshe, hendibreki ndiyo breki ya akiba siku mafuta ya breki yatakapokimbia.

Baada ya matengenezo

Kaza nati za magurudumu kwa mtindo wa msalaba. Kwa Corolla kipimo ni takriban Nyutoni mita 103. Kanyaga pedali mpaka iwe ngumu kabla ya kuwasha gari, na kama ulifungua skrubu ya kutolea upepo, toa upepo wote na uongeze mafuta. Kisha rudia safari ile ile ya kilomita 10 na ulinganishe joto la kushoto na kulia. Mwishowe lijaribu gari kwenye mteremko, ukiwa umekaa kwenye usukani, halafu liegeshe tambarare likiwa limekingwa, hendibreki imevutwa usiku kucha, na ulisogeze alfajiri kabla umande haujakauka, kwa sababu kebo iliyoanza kuota kutu hujionyesha saa hiyo.